Sehemu ya 9: Pikipiki iliyolala kwenye banda la bustani

Wiki iliyopita niliahidi tutaongelea kikohozi cha usiku. Kikohozi kisubiri. Nyumbani kwangu kumetokea jambo, na kwa kuwa wengi wenu tuko huku huku Uingereza na watoto wa kiume wanakua kila siku, acha nilisimulie kabla aibu haijanizidi.

Baba watoto alinunua pikipiki. Siyo ya kwendea kazini. Ni hizi za krosi, nyembamba, matairi yenye meno, haina taa, haina namba, haina hata kioo. Kaipata mtandaoni, mtumba, kwa bei ya kutupa, akamletea kijana wetu aliyetimiza miaka 13. Mimi nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, nimelala. Naamka nasikia mlio bustanini kama mashine ya kusaga.

Nikawaka. Yeye akacheka. Jamani, mwenzenu huyu kakulia Njombe, alianza kuendesha pikipiki ya baba yake akiwa na miaka 11, anapeleka viazi gulioni. Nani alimwuliza leseni? Kwake pikipiki ni kama kuogelea kwa mtoto wa Pwani. Akaniambia, "Mama watoto, hatuendi barabarani. Tunaenda pale kiwanjani nyuma ya nyumba. Pale siyo barabara." Nikanyamaza, maana niliona kama ana hoja. Nesi mzima, nikarudi kulala.

Jumamosi wakaenda. Dakika ishirini tu, jirani kapiga simu, askari wawili wakaja. Walikuwa wapole, siwasingizii. Wakamwambia kijana azime. Wakauliza: hii ardhi ni ya nani? Ya halmashauri. Mmepewa ruhusa? Kimya. Bima iko wapi? Kimya zaidi.

Sasa hapa ndipo pa kusoma polepole, maana mimi mwenyewe nilisoma usiku kucha baada ya hapo. Sheria ya barabara ya huku, ya mwaka 1988, haiishii kwenye lami. Inakataza kuendesha chombo cha moto bila ruhusa kwenye ardhi ambayo siyo barabara: viwanja vya wazi, nyika, njia za waenda kwa miguu, njia za farasi. Na bima haidaiwi barabarani tu, inadaiwa mahali popote pa umma. Kiwanja ambacho kila mtu anatembeza mbwa wake ni pa umma. Kwa hiyo ule utetezi wa "siyo barabara" wala haukusaidii, unakuhamisha tu kutoka kosa moja kwenda lingine.

Kilichonikata maini ni hiki. Kosa la bima halimhusu aliyekalia kiti peke yake. Linamhusu pia aliyeruhusu. Adhabu ya kawaida ni pauni 300 na pointi 6 kwenye leseni. Baba watoto amefaulu mtihani wa leseni ya hapa mwaka jana tu, kwa sababu leseni yetu ya nyumbani unaitumia miezi 12 ya mwanzo, basi. Na dereva mpya akifikisha pointi 6 ndani ya miaka 2 ya kwanza, leseni inafutwa, anaanza upya kama mwanafunzi. Mume wangu anaendesha gari la kusambaza mizigo. Ndiyo kazi yake. Ndiyo nusu ya kodi ya nyumba yetu. Tungekuwa tumeipoteza kwa pikipiki ya mtumba na dakika ishirini za furaha!

Walitupa onyo la maandishi la miezi 12. Ikirudiwa, pikipiki inachukuliwa. Wangeweza kuandika mengine, hawakuandika. Nimemshukuru Mungu na sitajaribu bahati hiyo tena.

Wapo watakaoniuliza, je, nikiweka taa na namba? Nyingi za hizi zimetengenezwa kwa mashindano na kusajiliwa kwa barabara hazisajiliki. Hata ikisajiliwa, unahitaji kodi, bima, ukaguzi wa MOT ikifika miaka 3, na umri: 16 kwa kipikipiki cha 50cc, 17 kwa cha 125, tena baada ya mafunzo ya CBT. Mtoto wa miaka 13 hayumo humo kabisa. Na za umeme msidanganywe. Baiskeli ya umeme halali ina pedeli, injini isiyozidi wati 250, inaacha kusaidia ikifika kilomita 25 kwa saa, na mwendeshaji awe na miaka 14. Zile zinazopaa bila kukanyaga pedeli, sheria inaziita pikipiki, hata muuzaji akiapa ni baiskeli.

Mahali halali papo: ardhi ya mtu binafsi isiyofikiwa na umma, mwenyewe akikubali. Shamba, au kiwanja cha mazoezi cha klabu. Huko sheria haidai leseni wala namba. Ila unaipeleka kwa trela au nyuma ya gari, siyo "naivusha tu hapo mbele".

Sasa uvueni mkoba wa sheria, mnisikilize kama nesi. Huko kwenye idara ya dharura, mtoto aliyeanguka na pikipiki huwa mzazi ananionyesha mkono uliovunjika. Mkono nauona. Mimi nataka kuona tumbo. Mpini ukimchoma mtoto tumboni unaweza kuacha alama ndogo ya duara, ukubwa wa sarafu, huku ndani wengu au ini limepasuka. Anaweza kutembea, akaomba juisi, halafu saa kadhaa baadaye anabadilika rangi. Ukiona alama hiyo, au analalamika tumbo, au bega la kushoto linamuuma bila kuanguka nalo, usimlaze ukisubiri asubuhi. Mlete. Na akiwa chini hajitambui, piga 999, usimvue helmeti isipokuwa njia ya hewa imeziba au hapumui.

Nilimweleza baba watoto haya yote Jumapili, tena kwa sauti ya chini, maana ya juu nilishaitumia Jumamosi. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Mimi nilitaka awe na kitu cha kwangu." Mama zangu, hasira ikanitoka hapo hapo. Mtoto huyu Njombe ameiona mara mbili. Kiswahili chake cha kuombea soda tu.

Basi tumekubaliana hivi. Pikipiki imefungwa kwa mnyororo bandani, ufunguo uko kwangu. Baba ametafuta klabu yenye kiwanja cha watoto, mwendo wa saa moja na nusu. Tunahesabu kama tutamudu: ada, kinga ya kifua na shingo, buti, helmeti mpya siyo ya mtumba, na kukodi trela. Ikishindikana inauzwa, na nitaandika wazi kwenye tangazo kwamba siyo ya barabarani.

Kijana hajaniongelesha tangu Jumamosi. Jana usiku nimemkuta bandani, anaifuta matope na shati la shule.

Kikohozi Alhamisi, inshallah. Mwenye swali aniachie hapo chini, nikitoka zamu nitajibu.