Kinu, Dumu na Baiskeli: Kazi za Nyumbani Zilivyobadilika Vijijini

Ukimwuliza mtu aliyekulia kijijini Tanzania miaka ya 1960 na 1970 ni kitu gani kimebadilika zaidi nyumbani, ataanza na vyombo. Atakutajia kinu na mchi uani, mtungi wa maji kwenye kona ya jiko, mafiga matatu, ungo wa kupepetea na kikapu cha mboga. Kisha atataja vilivyoshika nafasi yao: mashine ya kusaga, dumu la plastiki, bomba la kijiji, bodaboda, na siku hizi mtungi wa gesi. Yote hayo ni kweli, lakini yanaacha swali moja nyuma: kazi yenyewe ilikwenda wapi, na ikaangukia mikono ya nani? Ninavyoona mimi, kumbukumbu ya nusu karne hii ina fundisho lililo wazi. Kazi ya nyumbani haikuhama mikono kwa sababu ilikuwa nzito. Ilihama pale ilipoanza kuleta fedha, na ile isiyo na bei ikabaki palepale, kichwani na mgongoni mwa mwanamke.

Tuanze na unga. Mahindi yalinyunyiziwa maji kidogo, yakatwangwa ili maganda yatoke, yakapepetwa kwa ungo hadi pumba zikajitenga, kisha yakalowekwa siku mbili au tatu. Baada ya hapo yalioshwa, yakatwangwa tena yakiwa bado na unyevu, yakachekechwa, chenga zikarudishwa kinuni, na unga ukaanikwa juani huku mtoto akiwekwa kufukuza kuku. Kwa mtama na uwele kulikuwa na jiwe la kusagia, na mwanamke alisaga akiwa amepiga magoti. Ustadi uliohitajika haukuwa mdogo. Wanawake wawili au watatu walitwanga katika kinu kimoja kwa zamu, michi ikipanda na kushuka bila kugongana, na aliyezoea alitambua kwa mlio tu kama mahindi yamekoboka au bado. Kazi hii iliilisha nchi nzima, lakini kwa kuwa hakuna aliyelipwa kwa kuifanya, hakuna pia aliyeihesabu.

Mashine za kusaga zilipoenea, hasa baada ya Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976 kuwakusanya watu pamoja, zilikuwa neema isiyo na ubishi. Kazi ya siku kadhaa ikawa ya dakika chache. Utafiti uliofanywa wilayani Makete katikati ya miaka ya 1980, katika mradi wa usafiri vijijini uliosaidiwa na Shirika la Kazi Duniani, ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya mizigo ya kaya haikugusa barabara kuu hata kidogo: ilikuwa maji, kuni, mavuno na nafaka ya kupeleka mashineni, na waliobeba zaidi walikuwa wanawake, kwa miguu, kichwani. Kusogeza kisima na mashine karibu na makazi kulionekana kuwa njia ya kuokoa saa nyingi ambazo barabara peke yake isingeziokoa. Lakini mashine ilikuja na bei. Usagaji ulilipiwa kwa debe, na aliyesimama pale akimimina mahindi, nyusi na kope zikiwa nyeupe kwa unga, alikuwa mwanaume. Mwenye mashine naye alikuwa mwanaume, isipokuwa pale ambapo vikundi vya wanawake, vikiwemo vya Umoja wa Wanawake wa Tanzania (UWT), vilimudu kupata mashine yao. Kazi ileile ambayo kinuni ilikuwa ya kike bila mjadala, ilipowekewa injini na sanduku la fedha ikawa ya kiume, tena bila mjadala. Mwanamke aliondolewa mchi mkononi, akakabidhiwa jukumu jipya la kutafuta fedha ya kusagia: auze mayai, auze karanga, apike togwa au pombe. Fedha ikikosekana, au dizeli na vipuri vikiadimika kama ilivyokuwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, kinu kilirudi kazini.

Maji yanatupa ushahidi ulio wazi zaidi. Mtungi wa udongo ulibebwa juu ya ngata, na ndoo iliwekewa tawi la majani juu ya maji ili yasimwagike njiani. Vyombo hivyo vilihitaji shingo iliyonyooka na mwendo wa uangalifu. Dumu la plastiki, lile la njano la lita 20 lililowahi kuwa na mafuta ya kupikia, lilibadilisha mambo kwa sababu lina kifuniko na mshikio. Laweza kulazwa, kufungwa kwa kamba ya mpira, kuning'inizwa ubavuni mwa baiskeli. Hapo ndipo wanaume walipoanza kuonekana kisimani kwa wingi. Hawakuja na ngata. Walikuja na baiskeli, baadaye mikokoteni na pikipiki, na wengi wao walikuja kuchota maji ya kuuza. Kitabu cha Gilbert White, David Bradley na Anne White kilichotoka mwaka 1972, kuhusu uchotaji maji Kenya, Uganda na Tanzania, kilikuwa kati ya vya kwanza kuipima kazi hii kwa makini. Watafiti waliporudi katika maeneo yale miaka 30 baadaye, moja ya mabadiliko waliyoyakuta ni kukua kwa biashara ya maji. Maji ya kuuza yalipata mbebaji wa kiume. Maji ya kupikia, kuoshea watoto na kufulia yaliendelea kwa njia ileile ya zamani.

Mtu anaweza kujibu kwamba hayo yamepitwa na wakati kwa kuwa maji sasa yako karibu. Tuchukue basi kipimo cha serikali yenyewe. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ilitaka kila mtu wa kijijini apate lita 25 kwa siku, kutoka kituo kisichozidi mita 400 kutoka nyumbani, kinachohudumia watu 250. Ni lengo jema, na vijiji vilivyolifikia vimepata nafuu kubwa. Lakini piga hesabu. Kaya ya watu sita inahitaji lita 150, yaani madumu saba na nusu. Kama kituo kiko mita 400, safari nane za kwenda na kurudi ni zaidi ya kilomita sita kila siku, nusu yake mtu akiwa na kilo 20 kichwani, mbali na muda wa foleni. Huo ni mzigo wa kaya ambayo sera imetimizwa kwake kikamilifu. Kwa hiyo hata mradi unapofanikiwa, swali la nani anabeba linabaki, na bomba pekee haliwezi kulijibu.

Bustani nayo inasema hayohayo. Mboga za nyumbani, yaani matembele, mchicha, mnafu, majani ya kunde na ya maboga, kisamvu kinachotwangwa kabla ya kuingia chunguni, zilipandwa, zilipaliliwa na zilichumwa na wanawake. Ilikuwa kazi ya kila jioni, na mume aliiona ikiwa tayari kwenye sahani. Pale mboga zilipopata soko la mjini, kama nyanya na kabichi za milima ya Usambara na Uluguru zinazoshuka Dar es Salaam, wanaume waliingia bustanini na kushika mauzo. Kilimanjaro mgawanyo huo ulionekana ndani ya kihamba kimoja, yaani shamba linalozunguka nyumba. Kahawa ilikuwa ya baba kwa sababu ndiyo iliyopelekwa kwenye chama cha ushirika na kulipwa fedha. Ndizi, maharage na maziwa vilikuwa vya mama kwa sababu vililiwa nyumbani au viliuzwa kidogokidogo sokoni. Majani ya kumlisha ng'ombe wa zizini, ambayo mara nyingi hukatwa mbali huko tambarare, yalipanda mlima vichwani mwa wanawake. Bei ya kahawa ilipoporomoka baada ya mfumo wa mgawo wa kahawa katika soko la dunia kuvunjika mwaka 1989, ndizi zilianza kuwa tegemeo la fedha, na wanaume wakaanza kuzitazama kwa jicho jingine. Mgomba haukuwa umebadilika. Kilichobadilika ni thamani yake sokoni.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba wanaume walikuwa na kazi zao, tena ngumu. Ni kweli, na si haki kuisahau. Kufyeka pori jipya, kukata miti ya kujengea, kuezeka kwa nyasi au makuti, kujenga maboma, kuchunga na kulinda mifugo usiku: kazi hizo zilivunja migongo. Ila nyingi zilikuwa za msimu. Nyumba haiezekwi kila siku, lakini ugali hupikwa kila siku. Tena ndizo zilizopungua mapema zaidi. Bati liliondoa kazi ya kuezeka upya kila baada ya miaka michache, ng'ombe wa kulima na trekta vilipunguza kazi ya jembe palipopatikana, na pori la kufyeka likapungua. Muda uliopatikana haukuhamia jikoni wala kisimani. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliona tatizo hili mapema na kulisema bila kuuma maneno: lilikiri kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi kuliko mtu mwingine yeyote, na likawalaumu wanaume wa vijijini kwa kutumia nusu ya maisha yao katika mapumziko. Utafiti wa nguvukazi wa mwaka 2006, uliopima namna Watanzania wanavyotumia saa zao, ulionyesha tena kwamba kazi za nyumbani zisizo na malipo zinachukua muda wa wanawake zaidi ya mara mbili ya muda wa wanaume. Kati ya tarehe hizo mbili zimepita takriban miaka 40 ya mashine na mabomba.

Wapo pia wanaosema kwamba zamani mzigo ulikuwa mwepesi kwa sababu watu walishirikiana, na kwamba mashine imeua ujirani. Nakubali sehemu ya kwanza. Kutwanga pamoja, kwenda kuni kwa kundi, kumsaidia mzazi aliye arubaini, vilikuwa msaada wa kweli, na kijiji kisichokuwa navyo ni kijiji maskini. Lakini tuwe wakweli: ushirikiano huo ulikuwa wa wanawake kusaidiana mizigo ya wanawake. Uliupunguza uchungu wa kazi bila kugusa mgawanyo wake. Anayetamani kinu kirudi kwa ajili ya mazungumzo yaliyokuwa yakifanyika pale angemwuliza kwanza aliyekuwa ameshika mchi.

Badiliko jingine ambalo huwa halitajwi ni shule. Katika kijiji cha zamani watoto walikuwa nguvukazi: walilinda ndege shambani, walichunga mbuzi, walibeba wadogo zao mgongoni, walichota maji kwa vibuyu na madumu madogo. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliharakisha elimu ya msingi kwa wote, ikaanza rasmi mwaka 1977, na kufutwa kwa ada za shule za msingi mwanzoni mwa miaka ya 2000 kukajaza madarasa upya. Hakuna mwenye akili timamu anayetaka hilo lirudi nyuma. Lakini saa ambazo mtoto alizipeleka darasani ziliacha pengo nyumbani, na pengo hilo mara nyingi lilijazwa na mama, au na msichana yuleyule kabla jua halijachomoza na baada ya kengele ya mwisho. Tuliandaa madawati, walimu na vitabu, jambo jema kabisa, bila kuuliza nani sasa atachota maji yaliyokuwa yakichotwa na mtoto.

Inabaki hoja ya mwisho, kwamba haya ni mila na mila haziondoki. Ushahidi wote niliotaja unaipinga. Kama kusaga kungekuwa kazi ya kike kwa asili, mwanaume asingesimama mashineni. Kama maji yangekuwa haramu kwake, asingeyafunga kwenye baiskeli. Mila hizi zimekubali kubadilika mara nyingi, haraka, na bila mikutano ya wazee. Tatizo ni kwamba tumeiachia fedha peke yake iamue wapi zibadilike. Kijana anayeweza kubeba madumu manne kwa wateja anaweza kubeba moja kwa mama yake, na ni vyema ajifunze hivyo akiwa na miaka kumi, pamoja na dada yake, kwa zamu moja.

Jambo hili ni la leo. Kampeni ya kumtua mama ndoo kichwani inaendelea, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Naunga mkono yote mawili kwa moyo wote, kwa sababu moshi na mizigo vimewala wanawake wa vijijini kwa muda mrefu mno. Ila historia ya mashine ya kusaga inatuonya. Fedha ya kusagia, ya maji na ya kujaza gesi inapaswa kuwekwa kwenye bajeti ya kaya, sawa na mbegu na sare za shule, ili baba na mama waipange pamoja. Mtungi wa kwanza wa gesi waweza kutolewa bure katika hafla. Wa pili hununuliwa. Ikiwa bei ya huo wa pili itaachiwa mayai na karanga za mama, atarudi msituni kutafuta kuni kabla ya mwezi kwisha, na mkakati utakuwa umefika mlangoni kwake bila kuingia ndani.