Juni ya Mutarule

Luberizi, mashariki mwa Kongo, Jumamosi, 7 Juni 2014

Risasi zilianza usiku, upande wa kijiji cha Mutarule. Kwanza nilidhani ni wachungaji wanafukuza wezi wa ng'ombe, maana hilo tumelizoea. Zilipoendelea, baba watoto akazima taa, tukawalaza wadogo chini sakafuni, karibu na ukuta wa matofali. Hakuna aliyesema neno mpaka majogoo.

Asubuhi barabara ilijaa watu: magodoro kichwani, mbuzi kwa kamba, mama mmoja na sufuria yenye ugali wa jana. Wanasema watu walikuwa kwenye ibada, nje, wamekaa wanaimba. Wengine wamechomwa ndani ya nyumba zao. Kituo cha afya nacho hakikupona. Kila anayefika ana hesabu yake ya maiti, na hakuna hesabu inayoshuka.

Nilikaa mlangoni nikisikiliza namna watu wanavyoulizana. Swali la kwanza si wangapi. Ni "Ni akina nani?" Na jibu linalosubiriwa ni kabila.

Jumapili, 8 Juni

Pentekoste. Mchungaji akasoma Matendo, sura ya pili, siku ile kila mtu aliposikia kwa lugha yake mwenyewe. Sijui kama alifikiri kabla ya kufungua kitabu. Katika bonde hili la Ruzizi lugha ndiyo kitambulisho: ukisalimu kwa Kifuliiru umejulikana, ukisalimu kwa Kirundi umejulikana, Wanyamulenge nao vivyo hivyo. Jana kwenye bomba la maji wanawake wote walizungumza Kiswahili kitupu, hata wale ambao siku zote hugombana kwa Kifuliiru. Na sauti ndogo, kama wako ofisini kwa watu.

Kisha mchungaji akaingia kwenye msamaha. Mama mmoja akasimama, akafunga kitenge chake vizuri, akatoka. Wengine wakamfuata. Sikuwalaumu. Wafu hawajaisha kuhesabiwa, nasi tunaambiwa tusamehe. Tumsamehe nani? Hakuna aliyeomba.

Jumanne, 10 Juni

Sasa redio zinasema ng'ombe. Wakubwa wameeleza: ilianza na ng'ombe. Huenda kweli. Hapa ugomvi wowote una ng'ombe wake, kama si shamba la muhogo lililoliwa ni mifugo iliyoibwa. Lakini ng'ombe hawakuzingira watu wanaosali. Na hata ukitaka historia, historia ipo: Warundi na Wafuliiru wamegombea ufalme wa bonde hili tangu wazee wetu wakiwa watoto, na mwami, yaani chifu, wa Warundi aliuawa kwa risasi Aprili 2012. Tangu hapo tulijua kuna kitu kinapikwa. Wakubwa pia walijua. Mtu akisema "ng'ombe" anataka jambo libaki zizini, lisipande mpaka Bukavu, wala Kinshasa.

Darasani kwangu wamekuja chini ya nusu ya wanafunzi. Mtoto mmoja akauliza: "Mwalimu, wale waliokuwa wanaomba, Mungu alikuwa anawasikia au alikuwa anasikia risasi?" Nikawaambia wafungue daftari za hesabu.

Alhamisi, 12 Juni

Mama wa maziwa hajaonekana tangu Ijumaa ile. Ni Murundi wa hapahapa bondeni, miaka yote ndiye anayetuletea, kidumu chake cha njano kimefungwa kwa jani la mgomba. Nina deni lake la wiki mbili. Nimesikia amehamia kwa ndugu zake upande wa Bwegera.

Nikamwita kijana wa pikipiki nimpe pesa ampelekee. Akaniangalia. "Mama mwalimu, unataka watu wanione napeleka pesa kwa hao?" Nikamwambia deni ni deni. Akakubali kwa bei mara mbili. Kumbe woga wa kuonekana nao una bei yake.

Amerudi jioni. Mama wa maziwa amepokea, ameuliza kama kitindamimba wangu ameacha kukohoa, na amesema hatakuja kwa sasa. Shemeji, aliyepoteza jamaa Mutarule, alikuwa amekaa pale pale akisikia. Akainuka akaenda zake bila kuaga. Ana haki. Na mama yule naye hakumuua mtu. Mambo haya mawili yatalala nami usiku wa leo kitanda kimoja, na hayapatani.

Jumanne, 17 Juni

Redio ya Kiswahili inazungumza Kenya tu. Mpeketoni, karibu na Lamu: Jumapili usiku watu wenye bunduki waliingia mji mdogo, baadhi ya wenyeji wakiwa wanatazama Kombe la Dunia. Karibu watu 50 waliuawa usiku huo, kisha wengine jana tena katika vijiji vya jirani. Wanaume waliulizwa dini yao mlangoni, na jibu ndilo lililoamua.

Al-Shabaab wamesema ni wao. Rais Kenyatta anasema si wao, ni wanasiasa wa hukohuko. Ajabu ya dunia: kule wauaji wanajitangaza na serikali inakataa. Hapa hakuna aliyejitangaza, na kila mtu anakwambia anawajua.

Nimeona wivu pia, niandike tu, maana daftari hili ni langu. Mpeketoni wana waandishi wa habari, picha, majina. Mutarule ilitajwa siku mbili tatu, katikati ya habari za mpira.

Jumatano, 2 Julai

Tumesoma matokeo ya mwisho wa mwaka. Mkuu wa shule akataka tusome majina yote, waliopo na waliohama. Kila jina lisiloitikiwa, watoto wanageuka kutazama mahali alipokuwa akikaa. Nikaanza kusoma haraka.

Leo pia ni miaka minne tangu lori la mafuta lilipopinduka Sange na kuwaka, wakafa watu zaidi ya 230. Wengi walikuwa ndani wanatazama Kombe la Dunia la mwaka ule. Ile ilikuwa ajali, watu tulilia pamoja bila kuulizana makabila. Sikumbuki mtu yeyote akiuliza maiti ni ya akina nani, ila kwa kutaka kumpata ndugu yake.

Ijumaa, 4 Julai

Ripoti ya Human Rights Watch kuhusu Mutarule imetoka. Nimewatafsiria jirani zangu kile redio ilichosema kwa Kifaransa. Watu wasiopungua 30 waliuawa. Walipigwa risasi, walichomwa visu, walichomwa moto. Watu waliomba msaada, lakini jeshi na MONUSCO, walinda amani wa Umoja wa Mataifa, hawakwenda kuzuia. Walinda amani hao walikuwa kilomita tisa tu kutoka pale.

Ua mzima ukanyamaza. Wauaji tumewagombea mwezi mzima, huyu anataja kabila hili, yule anataja lile. Lakini walioombwa msaada wakabaki wamekaa, hao hatujawahi kuwagombea, kwa kuwa hawana kabila hapa.

Mzee wa nyumba ya tatu akauliza: "Hizo kilomita tisa wamepima kwa gari au kwa mguu?"

Nikasema sijui, labda kwa gari.

"Kwa mguu pia ni karibu," akasema. "Mke wangu anabeba muhogo mbali kuliko hapo na anarudi kupika."

Kisha vijana wakauliza saa ngapi Ufaransa inacheza na Ujerumani.