Ukuta mmoja, wakulima themanini

Mzee alipotoka uwanja wa ndege wa Frankfurt mwishoni mwa Septemba, alikuwa na begi moja, koti la kuazima na bahasha ya kaki ambayo hakutaka mtu amshikie. Binti yake, muuguzi anayeishi Trier, Ujerumani, kwa mwaka wa kumi na moja sasa, alimwamkia, akampokea begi, akauliza habari za nyumbani. Bahasha aliiona, lakini hakuiulizia. Alijua kilichomo.

Ndani yake kulikuwa na mchoro wa shamba la zabibu la ekari 4, nje kidogo ya jiji la Dodoma. Tangu Serikali ihamie huko, bei ya viwanja imepanda na madalali hawakauki mlangoni. Mzee ana watoto wanne. Kwenye kundi la familia la WhatsApp, watatu walishasema shamba liuzwe, na muuguzi alikuwa mmoja wao. Aliyekataa ni kitinda mimba, msichana anayeamka alfajiri kupogolea na kumwagilia. Mzee akaamua kukata mzizi wa fitina: ekari moja kwa kila mtoto, kila mmoja afanye atakavyo. Alichofuata Ulaya ni kumwona binti, na saini yake.

Mkwe wake, mwalimu wa shule, hakuwa na habari ya bahasha hiyo. Alichojua ni kwamba baba mkwe amelima zabibu miaka thelathini. Akaomba ruhusa kazini, akajaza mafuta gari. “Mtu wa zabibu hawezi kuja hapa akakaa kutazama televisheni,” alisema kwa Kiswahili chake cha kujifunza ukubwani.

Siku ya kwanza walifuata mto Mosel hadi kijiji cha Bremm. Juu yake kuna mteremko uitwao Calmont, mmojawapo wa miteremko mikali zaidi yenye mizabibu barani Ulaya. Kuna mahali unafikia nyuzi 65. Mzee aliinua kichwa hadi kofia ikaanguka. Kwake shamba ni tambarare, mtu anapita na toroli. Hapa mizigo hupandishwa kwa kigari cha reli moja, na mvunaji huchagua pa kukanyaga. Ardhi yenyewe ni mawe meusi bapa, yamepasuka kama vigae. Mkwe akaeleza kuwa mawe hayo hushika joto la mchana na kuliachia usiku, na mteremko ukielekea kusini hupata jua lote lililopo. Bila hayo, zabibu iitwayo Riesling ingepata taabu kuiva katika nchi ya baridi.

“Sisi jua tunalo la kumwaga, tunavuna mara mbili kwa mwaka,” Mzee akasema. “Hawa wanavuna mara moja, tena kwa kuning’inia.”

Waliingia kuonja katika nyumba ya mkulima mmoja. Mkwe, kwa kuwa ndiye dereva, alizungusha mvinyo mdomoni kisha akautema kwenye ndoo. Mzee alishtuka. “Huyu anatema jasho la mtu!” Binti alicheka mpaka machozi, halafu akaeleza kwamba ni desturi, na kwamba anayeonja glasi kumi bila kutema hatakumbuka ya tatu.

Hapo ndipo Mzee alipotoa daftari. Aliandika kwamba kwenye chupa za Mosel, maneno Kabinett, Spätlese na Auslese hufuatana kwa kadiri zabibu zilivyokuwa zimeiva zilipochumwa. Neno trocken maana yake mvinyo mkavu, usio na utamu. Lisipokuwepo, tazama kiwango cha kilevi: chupa ya Riesling yenye asilimia 8 kwa kawaida imebaki na sukari, na yenye 12 huwa kavu. La mwisho alilipigia mstari: Gutsabfüllung, yaani zabibu zimelimwa, zimesindikwa na kutiwa chupani na mkulima yuleyule. “Hili ndilo neno,” akasema. Kwa miaka thelathini zabibu zake zilipimwa kwa kilo, zikapakiwa kwenye lori, na hakuna chupa iliyowahi kubeba jina lake.

Alsace, upande wa Ufaransa, walikaa siku mbili. Kwa mnunuzi mgeni eneo hilo halina taabu, maana chupa nyingi huandikwa jina la zabibu: Riesling, Pinot Gris, Gewürztraminer. Mzee aliipenda hiyo ya mwisho, yenye harufu kama ya waridi. Mkwe alimweleza kuwa kati ya mwaka 1871 na 1945 ardhi ile ilihamishwa mara nne baina ya Ujerumani na Ufaransa. Mzee alitazama mistari ya mizabibu iliyopanda hadi msituni. “Wenye nchi walibadilishiwa bendera,” alisema, “lakini kuna mtu aliendelea kupogolea.” Binti alikuwa kiti cha nyuma. Hakusema kitu.

Burgundy ndiko mambo yalikokuwa magumu. Kule chupa haisemi zabibu, husema mahali. Mnunuzi anatakiwa ajue mwenyewe kwamba mvinyo mwekundu wa huko kwa kawaida ni Pinot Noir na mweupe ni Chardonnay. Kisha kuna ngazi: chini kabisa jina la eneo zima, halafu jina la kijiji, halafu Premier Cru, na juu kabisa Grand Cru. Bei hupanda kwa ngazi hizo, wakati mwingine kwa kuruka.

Walisimama mbele ya Clos de Vougeot, shamba la Grand Cru la hekta 50 hivi, lililozungushiwa ukuta wa mawe. Watawa wa Cîteaux walilimiliki kwa karne nyingi, hadi Mapinduzi ya Ufaransa yalipowanyang’anya. Mwaka 1889 likauzwa kwa wanunuzi kadhaa, na kuanzia hapo likaendelea kumegwa. Leo lina wenyewe karibu 80. Mzee alihesabu mistari michache, akafika penye alama ya mwenye shamba mwingine, akahesabu tena, akaacha.

Katika kijiji jirani walikaribishwa na mama mmoja wa makamo, mkulima, mikono imepasuka kama ya Mzee. Alizungumza Kifaransa, mkwe akakitia Kijerumani, binti akakitia Kiswahili. Mzee aliuliza kama chupa ya Clos de Vougeot, iliyozidi euro 100, inastahili bei yake.

“Inategemea ya nani,” mama alijibu. Akaeleza kuwa ukuta ni mmoja na jina ni moja, lakini sehemu ya juu ya shamba haishiki maji, na ya chini karibu na barabara ina udongo mzito. Tena yuko anayepunguza vichala ili vibaki vizuri, na yuko anayeacha vyote ili apate wingi. “Herufi kubwa zinakupa mahali. Jina la aliyelima liko kwenye herufi ndogo. Anza na hizo. Mkulima mwangalifu ana mvinyo mzuri hata kwenye chupa yake ya bei ya chini.”

Mzee akauliza swali ambalo binti hakulitazamia: ilikuwaje shamba moja likawa la watu themanini?

Mama alisema mengine yaliuzwa na mengine yalirithiwa. Sheria ya Ufaransa, tangu enzi za Napoleon, huwapa watoto wote mafungu yao. Shamba la babu yake liligawanywa hivyo. Mjomba mmoja akauza, shangazi akakodisha, na mwishowe upande wake ukabaki na vipande visivyotosha kuzungushia trekta. Zamu yake ilipofika, yeye na kaka zake wawili hawakugawana ardhi. Walifungua kampuni ya familia. Ardhi imebaki moja, kila mtu ana hisa zake, yeye ndiye analima na kila mwaka anawalipa wenzake kodi.

“Kaka zangu wako mjini,” mama aliendelea. “Hawajui kupogolea. Lakini Krismasi wanakunywa mvinyo wa kwao.”

Binti alitafsiri hadi kwenye “hawajui kupogolea”, akanyamaza. Mzee alimsubiri. Kisha akamalizia sentensi.

Usiku ule, katika nyumba ya wageni mjini Beaune, Mzee aliweka bahasha mezani. Binti alikuwa wa kwanza kusema. Alikiri kuwa alitaka fungu lake liuzwe ili apunguze deni la nyumba, na aliona haya kumwambia.

“Deni lako nalijua, mama,” Mzee akamjibu. “Ndiyo maana sikukulaumu.”

Hakutia saini. Aligeuza mchoro, akaandika nyuma yake kwamba fungu lake lisiuzwe wala lisikatwe, mdogo wake alime lote, na kodi ya miaka mitatu ya kwanza inunue nguzo na waya. Kisha akaupiga picha na kuutuma kwenye kundi la familia.

Mzee alirudi Dodoma na chupa tatu zilizofungwa ndani ya soksi: Kabinett moja ya Mosel, Gewürztraminer moja, na moja nyekundu ya mama yule, ya ngazi ya kijiji, si Grand Cru. Zote tatu zina jina la aliyelima.

Kaka wawili wameusoma ujumbe. Alama mbili za buluu zinaonekana. Hawajajibu. Mama wa Burgundy alisema chupa yake inaweza kungoja miaka mitano. Mzee ameiweka chini ya kitanda, penye ubaridi, na amemwambia kitinda mimba kwamba itafunguliwa siku watoto wote wanne watakapokaa meza moja. Yeye angependa iwe Krismasi hii.