Peke Yangu Barabarani: Safari ya Baiskeli Ninayoipanga Kabla ya Ndoa



Wengi mnajua kuwa ndoa yangu, in shaa Allah, imebakisha miezi michache. Mnaniuliza kuhusu nguo, hina na nani atanisinga. Hayo yatakuja. Leo nazungumzia jambo ninalolipanga kabla ya siku hiyo: kwenda Rwanda na baiskeli yangu, nipite barabara zinazopitwa na mashindano makubwa, na niendeshe peke yangu.

Nina miaka 29 na sijawahi kulala chumba changu mwenyewe. Nilitoka mkekani kwa bibi nikaingia kitanda kimoja na dada zangu, na karibuni nahamia kwa mume. Silalamiki, nyumba ya watu wengi ina baraka zake. Lakini kabla ya kuingia nyumba nyingine, natamani siku chache ambazo kuanzia asubuhi hadi mchana hakuna anayeniita.

Kwa nini Rwanda? Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Wanawake walishindana kilomita 164.6, wakazunguka mji kwa kupanda na kushuka, na Magdeleine Vallieres wa Kanada akashinda. Wanaume walikwenda kilomita 267.5, akashinda Tadej Pogačar wa Slovenia. Mimi nilitazama kwenye simu, nikawa naitazama barabara kuliko washindani. Nikajiambia, hapa si Ulaya. Hapa naingia kwa pasipoti ya Afrika Mashariki, na Kiswahili changu kitanifikisha, maana tangu 2017 ni lugha rasmi huko.

Kikwazo cha kwanza hakikuwa mlima. Kilikuwa suala la maharimu, nanyi mngeniuliza hata nisingelitaja. Nilikwenda kwa ustadha wangu. Akanieleza kuwa wanavyuoni wametofautiana. Katika madhehebu yetu ya Kishafii, wengi wamemruhusu mwanamke kwenda hija ya faradhi pamoja na wanawake waaminifu, lakini safari ya matembezi wanataka awe na maharimu. Wako wanavyuoni wa zama hizi wanaoruhusu kukiwa na amani njiani na ridhaa ya wakubwa wake. Hakunilazimisha. Aliniambia, "Chagua lile ambalo ukiwa huko moyo wako utatulia ukisali."

Nimechagua kwenda na mdogo wangu wa kiume. Yeye baiskeli haitaki hata kuisikia. Atapanda basi, atatangulia mji ninaoelekea, atachukua vyumba viwili na kunisubiri. Usiku nipo na maharimu wangu, mchana nipo na barabara yangu. Wapo watakaosema hiyo si safari ya peke yako. Kwangu inatosha, kwa sababu milimani hakuna wa kunisukuma. Gharama imeongezeka: nauli mbili, vyumba viwili, na yeye anakula kwelikweli. Fedha hiyo nimeitoa kwenye fungu la ukumbi, na harusi yangu itakuwa ndogo zaidi.

Kikwazo cha pili alikileta somo wangu, kwa sauti ya chini, mlango umefungwa. "Mwanangu, baiskeli na mwari? Watu watasemaje kuhusu kizinda?" Nalitaja hapa kwa sababu najua mabinti wangapi wamenyang'anywa baiskeli kwa neno hilo. Kizinda hutofautiana baina ya mwanamke na mwanamke, wala si ushahidi wa ubikira. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, pamoja na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa, lilisema wazi kuwa hakuna uchunguzi wa mwili unaoweza kuthibitisha kama mwanamke ameshaingiliwa au la. Stara yetu iko katika mwenendo wetu na Mola wetu. Somo alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama siti ya baiskeli haiumizi. Nikamwambia inaumiza, tukacheka.

Sasa mpango wenyewe. Mashindano ya Tour du Rwanda hufanyika mwishoni mwa Februari, na miaka hii yanakutana na Ramadhani. Nitakwenda Julai, kiangazi, barabara ikiwa kavu. Nitaepuka Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwani ni siku ya umuganda, na asubuhi nchi nzima inatoka kwenye kazi za jamii.

Siku ya kwanza nitabaki Kigali. Nitajaribu Kimihurura, mlima wa mawe wa kilomita 1.3 uliowatesa mabingwa, na nikishindwa nitashuka niikokote. Jioni nitakwenda Nyamirambo, mtaa wenye misikiti na Waswahili wa miaka mingi, nikatafute chai na chapati.

Siku ya pili ni Musanze, kama kilomita 90. Ukishatoka Nyabugogo na kuvuka daraja unaanza kupanda Shyorongi, na kupanda huko ni kurefu. Nitapumzika Nyirangarama, pale mabasi yanaposimama. Siku ya tatu napumzika Musanze, chini ya milima ya volkano. Siku ya nne ni Rubavu, kama kilomita 60, na mwisho wake ni mteremko hadi Ziwa Kivu. Kutoka Rubavu hadi Karongi ni karibu kilomita 100 za vilima mfululizo. Hiyo nimeiandikia "nikiweza". Nisipoweza, baiskeli itapanda basi pamoja nasi.

Sala zimenisaidia kupanga. Msafiri ana ruhusa ya kufupisha na kukusanya, nami sitakaa mji mmoja siku nne. Nitaondoka kukipambazuka baada ya Alfajiri, na Adhuhuri nitaisali na Alasiri nikifika. Kumbukeni saa ya Rwanda iko nyuma ya yetu kwa saa moja, na kule magari hupita kulia.

Nguo: kanzu fupi pana ya kitambaa chepesi, suruali iliyobanwa kifundoni isiingie kwenye mnyororo, na mtandio mwembamba usio na pini chini ya helmeti. Vifaa: tyubu mbili, viraka, pampu, na gia ndogo ya kupandia ambayo fundi wangu ameibadilisha. Mifuko ya plastiki msiibebe, Rwanda imeipiga marufuku.

Unguja yetu ni tambarare, kwa hiyo nafanya mazoezi Masingini, juu na chini mpaka wauza madafu wananihesabia. Mwezi ujao navuka Pemba, kwenye vilima vya kweli.

Na mchumba wangu? Aliuliza swali moja, "Ukisharudi, utataka tena?" Nilijibu ndiyo, huenda. Alikaa siku mbili hajapiga simu. Siku hizo mbili nilijua kuwa ndoa inaweza kuvunjika kwa neno hilo, na bado sikulirudisha. Siku ya tatu alimtuma dada yake aje kuzungumza na mama. Wamekubaliana kuwa baada ya ndoa, safari kama hii itakuwa kwa mashauriano, na kwamba baiskeli inahamia nami, haibaki kwa mama.

Ndiyo maana nimewaandikia, hasa nyinyi mnaoposwa. Mahari tunayataja, samani tunazitaja, lakini kile kitu kimoja unachokipenda unakificha ukitumai mume atakigundua na kukikubali. Kitaje mapema, mbele ya wazee, kwa adabu. Ukikataliwa, utajua ungali kwenu.

Niombeeni dua ya safari, na miguu. Nikirudi salama nitawasimulia Kimihurura niliipanda au niliikokota.

Wabillahi tawfiq.