Elimu ya Maji katika Nchi ya Vilima

Bahari haionekani Karagwe wala Kyerwa. Aliyesimama juu ya vilima vya wilaya hizo mbili huona migomba, mibuni, malisho ya ng'ombe na ukungu wa asubuhi, wimbi haoni. Kwa sababu hiyo, mtu akisikia kwamba ziko nchi ambazo wanafunzi wa sekondari hufundishwa ubaharia wa kijeshi, aweza kusema kuwa habari hiyo ni ya watu wa pwani, na kwamba mtoto wa Mnyambo alizaliwa kushika jembe, si kasia. Neno hilo lina sura ya hekima, lakini hekima yenyewe haimo.

Kwanza yafaa kujua mafunzo hayo ni nini. Nchini Marekani sheria ya mwaka 1964 ilifungua mlango wa mafunzo ya kadeti wa jeshi la majini katika shule za sekondari, na walimu wake ni wanajeshi waliostaafu. Mwanafunzi hupiga gwaride, huvaa sare na kuitunza, hujifunza vyeo na heshima zake. Lakini gwaride ni ganda la tunda. Ndani yake mna historia ya safari na vita vya baharini, jiografia ya bahari, matumizi ya ramani na dira, sababu za chombo kuelea na sababu za chombo kuzama. Amalizapo masomo, kadeti hana deni la kuingia jeshini. Akitaka huwa askari. Asipotaka huwa mwalimu, mkulima au mganga. Anachopaswa kuondoka nacho ni tabia: kuhesabu kabla ya kusafiri, kukagua kabla ya kuamini, na kukumbuka kwamba uhai wa mwenziwe umo mikononi mwake.

Tanzania nayo ina mafunzo yanayofanana na hayo kwa mbali. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa mwaka 1963. Utaratibu wa kuwachukua vijana waliomaliza kidato cha sita kwa mujibu wa sheria ulisitishwa mwaka 1994, ukarejeshwa mwaka 2013. Kijana wa Karagwe au Kyerwa aendaye kambini hufunzwa gwaride, silaha, kazi za mikono, ustahimilivu na mapenzi ya nchi. Ni elimu njema, lakini zaidi ni elimu ya nchi kavu. Na kwao, ingawa hakuna bahari, maji hayakukosekana.

Mto Kagera unazizunguka wilaya hizo kwa upande wa magharibi, ukizitenga na Rwanda. Kisha unageuka kuelekea mashariki mpakani mwa Uganda, na mwisho wake ni Ziwa Viktoria. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalipoiteka ardhi iliyo kaskazini ya mto huo, daraja la Kyaka lilivunjwa, na jeshi la Tanzania likalazimika kuushinda mto kwanza ndipo limwendee adui. Mto usiojulikana ni ukuta. Mto unaojulikana ni njia.

Hata hivyo, msiba mkubwa wa maji haukuletwa na adui. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyotoka Bukoba kwenda Mwanza, ilipinduka ikikaribia mwisho wa safari yake. Ilijengwa kuchukua abiria 430. Waliokufa walikuwa zaidi ya 800. Abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha, na watu wasiohesabiwa wakiwa hai ni vigumu kuhesabiwa wakiwa wafu. Chombo kilipopinduka kiliendelea kuelea kwa muda, ndani yake mna watu waliokuwa wangali hai. Kikatobolewa ili watu hao watolewe. Hewa iliyokuwa ikikibeba ikatoka, maji yakaingia, chombo kikazama.

Nia ya kuokoa ilikuwapo, na ilikuwa njema. Kilichopungua ni maarifa yaliyo katika masomo ya fizikia ya sekondari, ambamo kanuni ya Archimedes huandikwa ubaoni, hunakiliwa daftarini na kujibiwa katika mtihani. Hapo ndipo thamani ya mafunzo ya kadeti inapoonekana. Darasani mwanafunzi huijua kanuni ili apate alama. Majini huijua ili apate kuishi. Elimu iliyokaa daftarini haiendi kumwokoa mtu usiku wa dhoruba.

Wako wanaohofu kwamba mafunzo ya kijeshi humfanya kijana awe mtu wa kutii tu, akaacha kufikiri. Hofu yao si ya kudharauliwa. Lakini baharia mwema hatii sauti ya mkubwa peke yake. Hutii pia uzito, upepo na kina cha maji, na mambo hayo hayana cheo wala hayapokei rushwa. Nahodha aliyejaza chombo kupita kiasi anawaamuru abiria wake, lakini hawezi kuliamuru ziwa.

Wala haisemwi kwamba shule za Karagwe na Kyerwa zinunue manowari. Mtumbwi imara, kamba, dira, majaketi ya kuokolea na mwalimu ajuaye kuogelea vyatosha kuanza. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria ilipoanguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba na kuua watu 19 kati ya 43 waliokuwamo, waliotangulia kufika kuokoa walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Hawakuwa na sare, lakini waliyajua maji.

Kijana aliyefunzwa hivyo, siku atakaposhuka kutoka vilimani kwenda bandarini na tiketi mkononi, atauliza meli inachukua watu wangapi na wamekwisha kupanda wangapi. Ataangalia jinsi ilivyokaa majini kabla ya kuutazama uzuri wa rangi yake. Na hesabu ikikataa, ataghairi safari, na kumshika mkono mwenziwe asipande.