Neno "Asili" Halitoshi

Tangu watu wa korido yetu wajue nasoma kemia, nimegeuka msomaji wa vikopo. Mtu anabisha hodi usiku, krimu mkononi: "We si unasoma kemia? Hebu nisomee hii." Shida karibu kila mara ni ileile. Chunusi zimepona, madoa meusi yamebaki. Na kikopo kina picha ya jani na neno moja kubwa: ASILI.

Watu wanaliamini neno hilo kuliko orodha ya viambato iliyo nyuma ya kikopo. Ndiyo maana naandika.

Ngozi ikiumizwa na chunusi au kuungua, seli zinazotengeneza melanini huzidisha kazi, doa likabaki. Kazi hiyo inategemea kimeng'enya kiitwacho tirosinesi, na dawa nyingi za madoa hukilenga hicho. Sasa, kimeng'enya hakiulizi molekuli imetoka shambani au kiwandani.

Mimea ina molekuli za kazi hiyo kweli, siidharau. Mzizi wa Glycyrrhiza glabra una glabridini. Ngano na shayiri zina asidi ya azeleiki, ambayo madaktari wa ngozi huitumia kutibu chunusi na madoa kwa pamoja, kwenye krimu ya asilimia 15 hadi 20. Lakini hiyo ya kwenye krimu imetengenezwa kiwandani na kupimwa. Ujipake unga wa ngano mwaka mzima, hutafika kiwango hicho.

Halafu kuna arbutini, inayopatikana kwenye majani ya Arctostaphylos uva-ursi, kichaka cha nchi za baridi. Ukiichora kwenye karatasi unaona kitu cha kushangaza: ni haidrokwinoni iliyoungana na glukosi. Ndiyo, haidrokwinoni ileile inayotajwa kila mkorogo unapozungumziwa. Ikipakwa kiholela kwa muda mrefu inaweza kuleta okronosi, yaani ngozi iliyotakiwa kung'aa inaingia weusi wa kibuluu ambao kuuondoa ni shughuli pevu. Sisemi arbutini ni sumu. Nasema jani na "kemikali" ni ndugu wa karibu kuliko lebo inavyotuambia.

Na ndimu je? Hakuna kitu cha asili kama ndimu, na wapo wanaojipaka usoni kuondoa madoa. Ndimu ina furanokumarini. Ukiipaka kisha ukatoka juani, ngozi inaweza kuungua, hata kutoa malengelenge, na ikipona inaacha doa jeusi. Umetibu doa kwa doa.

Muhula uliopita jirani yangu alitumia sehemu ya bumu lake kununua kikopo cha "mitishamba tupu", hakina hata orodha ya viambato. Wiki tatu za kwanza uso ulinyooka, tukampongeza. Alipoacha, uso ukawa mwekundu, unawaka, chunusi zikarudi kwa fujo. Daktari wa ngozi alimwambia dalili zile ni za steroidi. Alikosa vipindi wiki nzima kwa sababu hakutaka kuonekana. Jani la kwenye kifuniko halikumsaidia kitu.

Kwa hiyo wanaobisha hodi nawaambia hivi. Kikopo kisicho na orodha ya viambato, kiache dukani. Ukiona zebaki, kimbia, inaharibu figo. Kama chunusi bado zinatoka, zitibiwe kwanza, maana kila moja inaweza kuacha doa jipya. Muulize mfamasia au daktari kuhusu asidi ya azeleiki, kisha uipe miezi mitatu; anayekuahidi siku saba anakuficha kitu. Na jikinge na jua kila siku, hata sisi weusi. Krimu ya jua yenye rangi inafaa zaidi, kwa kuwa oksaidi ya chuma iliyomo huzuia pia mwanga wa kawaida, ambao nao hukoleza madoa. Bila hiyo, dawa ni kutwanga maji kwenye kinu.

Doa ni alama ya jeraha na linatibika. Rangi uliyozaliwa nayo si ugonjwa. Anayekuja kuniuliza krimu ipi itamfanya awe mweupe, namrudishia kikopo chake bila kukisoma, halafu namkaribisha chai.