Risasi Isiyo Risasi: Tafakuri Kuhusu Wanyama Waharibifu wa Embu na Meru

Neno risasi katika Kiswahili lina maana mbili ambazo aghalabu hatuzitenganishi. Kwanza ni ile metali nzito, laini, ya rangi ya kijivu, ambayo mafundi wa betri za magari waifahamu vyema. Pili ni kile kitu kitokacho katika mtutu wa bunduki na kwenda kuua. Neno lenyewe tulilipata kwa Waarabu, na kwao lilikuwa jina la metali. Kwa kuwa kwa karne nyingi kilichotoka mtutuni kilikuwa donge la metali hiyo, jina la malighafi likageuka kuwa jina la chombo. Hivi leo kumezuka risasi isiyokuwa na risasi ndani yake, na hapo ndipo ulimi unapojikwaa.

Aliyenisukuma kuyawaza haya ni mpwa wangu, kijana mwenye ekari mbili za mahindi, migomba na makadamia karibu na msitu wa Mlima Kenya, upande wa Irangi katika Kaunti ya Embu. Alikuwa amesoma habari za risasi mpya ya bunduki ndogo iliyotolewa huko Marekani mwaka wa 2024, inayosifiwa kwa kuwaangamiza wanyama waharibifu wa mashamba. "Mjomba," aliniambia, "hii ndiyo dawa ya tumbili. Wewe ni mtu wa vitabu, hebu nipimie." Naam, nimeipima kadiri ya uwezo wangu, na makala haya ndiyo mizani yenyewe.

Tuanze na chombo. Risasi nzima, kabla haijafyatuliwa, ina ganda la shaba ya manjano, baruti ndani yake, kitone mbele, na fataki ya kuwasha baruti. Katika risasi kubwa fataki hukaa katika kikombe kidogo katikati ya kitako. Katika risasi hizi ndogo fataki imesambazwa ndani ya ukingo wa kitako chenyewe, na kinyundo cha bunduki huuponda ukingo huo ili moto uwake. Kwa hiyo ni sharti ganda liwe jembamba, lipondeke. Na ganda jembamba haliwezi kustahimili kani kubwa ya baruti. Ndiyo sababu risasi za aina hii, ambazo nitaziita risasi za ukingo hadi mwanaisimu aniletee jina bora, hubaki ndogo na rahisi kwa bei.

Mkongwe wao ni .22 Long Rifle ya mwaka wa 1887, yenye kitone cha kiasi cha gramu 2.6 kiendacho mita 380 hivi kwa sekunde. Mwaka wa 2002 kampuni ya Hornady ilitoa .17 HMR, ambayo kitone chake ni gramu 1.1 tu lakini hukimbia takriban mara mbili ya mbio za mkongwe. Hii mpya, .21 Sharp ya Winchester, haishindani kwa mbio. Imeundwa kwa haja nyingine. Jimbo la California lilipiga marufuku matumizi ya risasi za metali ile ya kijivu katika uwindaji wote kuanzia Julai 2019, kwa sababu ndege walao mizoga walikuwa wakisumika. Kitone cha .22 kina unene sawa na ganda lake, nacho kisigino chake hupunguzwa ili kiingie gandani. Umbo hilo huifaa metali laini, ila si shaba nyekundu ambayo ni ngumu. Kitone cha .21 kimepunguzwa unene wote kikaingia moja kwa moja ndani ya ganda lile lile la .22, na hivyo shaba ikapata nafasi. Chepesi kabisa kina gramu 1.6, mwendo wake ni mita 530 hivi kwa sekunde.

Basi hiyo ndiyo risasi isiyo risasi. Ni kazi ya werevu, na sioni haya kuisifu.

Hata hivyo, chombo hupimwa kwa kazi kitakayoifanya, na kazi yenyewe hapa kwetu ina sura nyingi. Adui mkubwa wa viazi na mizizi ya migomba katika nyanda za juu za Embu na Meru ni fuko, ambaye huishi chini ya ardhi na hukata mimea kutoka chini, mkulima akashtukia mgomba umelala. Risasi haina la kumfanya. Huyu hushindwa na mtego wa fimbo iliyopindwa, uzi na kitanzi cha waya, uliotegwa ndani ya njia yake na mtu aijuaye kazi. Huku kwetu wapo watu wanaolipwa kwa ujuzi huo, na sijaona bado shule inayoufundisha. Nungunungu naye hutoka usiku. Ukishuka Mbeere, palipo na mtama na mawele, au ukivuka kwenda katika mpunga wa Mwea, adui ni kwelea. Ndege mmoja ana uzito wa gramu 20 hivi na hula nusu ya uzito huo wa nafaka kwa siku. Kundi la ndege milioni moja hula tani kumi kabla jua halijatua. Nani atakayehesabu risasi mbele ya kundi kama hilo?

Wanabaki tumbili, kima na nyani. Hawa ndio waliomo moyoni mwa mpwa wangu, na hapa mizani yataka kutazamwa kwa makini. Tumbili dume ana kilo tano au sita. Risasi ndogo itamwua ikimpata barabara. Nyani dume hufika kilo 25 na zaidi. Nguvu ya .22 itokapo mtutuni ni kama jouli 190, ya .21 kama 230, ya .17 kama 330. Mnyama wa uzito huo akipigwa kwa nguvu hizo, mara nyingi hatakufa palepale. Atakimbilia msituni na jeraha, na kufa huko baada ya siku kadhaa, au kupona na kurudi akiwa mkali zaidi. Wawindaji wa nchi zilizounda risasi hizi wenyewe huziweka katika daraja la sungura na kindi. Tangazo la biashara halisemi uongo hapo. Sisi ndio tunaosoma neno "waharibifu" tukamwona nyani, hali mwandishi alimkusudia sungura.

Kisha kuna kilicho nyuma ya shabaha. Katika mashamba mapana ya ng'ambo, nyuma ya mnyama kuna kilima au maili ya nyasi. Nyuma ya tumbili aliyekaa juu ya mkindu pale Runyenjes au Nkubu kuna mbingu, na chini ya mbingu hiyo kuna jikoni la jirani, njia ya wanafunzi, na mama anayechuma majani chai. Kitone cha .22 kilichopigwa juu chaweza kwenda zaidi ya kilomita moja na nusu. Kile chepesi cha .17 huwa na fadhila ya kuvunjikavunjika kigongapo kitu, ila kisipogonga kitu hakivunjiki. Katika nchi ambamo ekari mbili ni shamba la kuonewa wivu, sijui pembe salama ya kufyatulia ni ipi.

Sheria nayo imekwisha kusema. Kwa mujibu wa Sheria ya Silaha, Sura ya 114, kumiliki bunduki au hata risasi bila cheti ni kosa, na uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka wa 1977. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 haikuufungua mlango huo. Mpwa wangu hana cheti, wala simwoni akikipata kwa ajili ya mahindi. Nilipomweleza hivyo alicheka akasema, "Kwa hiyo nyani ana serikali, mimi sina." Sikumjibu. Nimesikia kauli hiyo kwa maneno tofauti tangu utotoni, na wanaoisema si watu wakatili.

Yafaa wanafunzi wa lugha watue kidogo hapa. Nimelitafuta katika Kiswahili neno moja linalobeba dhana ya Kiingereza ya mnyama ambaye, kwa aina yake tu, ametolewa katika ulinzi wote na anaruhusiwa kuuawa popote aonekanapo. Sikulipata. Twasema wanyama waharibifu, wadudu waharibifu, wasumbufu. Zote ni sifa za kitendo, si jina la kabila la mnyama. Aliyeharibu ni mharibifu siku aliyoharibu. Ile dhana nyingine ililetwa na utawala wa kikoloni kupitia sheria na orodha, na orodha hizo hazikudumu. Mbwa mwitu wa Afrika aliuawa kama mharibifu katika sehemu nyingi za bara hili kwa miongo mingi, na sasa ni miongoni mwa wanyama walio katika hatari ya kutoweka. Nchini Uganda nyani, tumbili na nguruwe mwitu wamewekwa rasmi katika kundi la waharibifu, ilhali ng'ambo ya mpaka, kwetu, nyani yuleyule ni mali ya taifa. Nyani haoni kundule, walisema wahenga, ila hata sisi tunaomwandikia sheria hatuoni sana.

Na Meru ina kisa chake mashuhuri. Mwaka wa 1956 George Adamson, aliyekuwa askari wa wanyamapori, alitumwa kumsaka simba aliyeua mtu, akampiga simba jike aliyemrukia, kisha ikabainika kwamba alikuwa akiwalinda watoto watatu. Mmoja wao ndiye Elsa, ambaye kaburi lake limo katika Mbuga ya Taifa ya Meru na hutembelewa na watalii.

Kinyume na umaskini huo wa jina, Kiswahili ni tajiri katika kazi ya kulinda. Tuna kitenzi kuamia, yaani kukaa shambani kuwafukuza ndege na wanyama wasile mazao. Tuna dungu, lile jukwaa la miti analokalia mwenye kuamia. Tuna kombeo la kurushia mawe au madonge ya udongo. Waliounda msamiati huu walikwisha kuamua kwamba suala si kumwangamiza mnyama, bali kumzuia mpaka mavuno yaingie ghalani. Wengi huuona uamuzi huo kuwa hekima ya kale na kuishia hapo. Mimi siishii hapo, kwa sababu najua nani hukaa kwenye dungu. Ni mtoto aliyepaswa kuwa darasani, au nyanya mwenye miaka sabini aliyeamka kabla ya alfajiri, maana tumbili hawangoji chai. Mahindi yanapokomaa, madarasa ya shule zilizo kandokando ya msitu hupungua watoto. Gharama ya kutofyatua risasi inalipwa na hao, na mtu aketiye Nairobi akiisifu kuamia hana budi kuitia gharama hiyo katika hesabu yake.

Tena wasiokuwa na bunduki wala mtoto wa kulinda wana njia ya tatu, ambayo ndiyo mbaya kuliko zote: sumu. Viuadudu vya shambani vimetiwa katika ndizi na nyama sehemu nyingi za Kenya. Sumu haichagui, huanza na mnyama aliyekusudiwa, ikaendelea kwa mbwa wa nyumbani, fisi na tai. Nikiambiwa nichague kati ya sumu na kitone cha shaba kilichopigwa na mtu mwenye mafunzo, nitachagua shaba bila kusitasita.

Hapo ndipo ninapoiona nafasi ya risasi hii, na si mikononi mwa mpwa wangu. Wakulima wanapolalamika, wanaoitwa ni askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, na kwa miaka mingi silaha yao imekuwa bunduki ya kupambana na majangili. Kitone cha G3 hutoka na nguvu inayozidi jouli 3,000. Hakuna askari mwenye akili timamu atakayekifyatua kati ya nyumba kwa ajili ya tumbili mmoja, kwa hiyo hupiga hewani, tumbili wakajificha, na kesho yake wakarudi. Askari mwenye bunduki ndogo, darubini, kitone kisichoacha sumu katika mzoga, na kibali cha kumwondoa yule mnyama mmoja tu aliyezoea kuongoza wenzake shambani, huenda akafanya kazi ambayo leo haifanywi na mtu. Kwa nyani dume bado ningetaka risasi kubwa kuliko hizi.

Hata hivyo shamba lililo mpakani mwa msitu lina wanyama wengi kuliko askari. Uzio wa umeme wa Mlima Kenya, ulioanza kujengwa mwaka wa 2012, umewazuia tembo palipofika, lakini tumbili huupita kwa matawi ya miti. Kule Irangi majirani sita wamekubaliana kuamia kwa zamu, watu wazima tu, pamoja na mbwa wanne, na kukata miti inayoinamia mashamba. Msimu uliopita walivuna. Zamu ya asubuhi ya Jumatatu, siku ya soko, bado haina mtu.